Sultani Juu ya Bati

Yasmina alikaanga sambaza za ndege, dagaa wale wa ziwani, kabla hajagusa za watu. Alizitoa vichwa, akaziweka pembeni mwa jiko zikauke mpaka zikawa zinavunjika kwa kidole, kisha akazifunga kwenye kipande cha kitambaa cha kijani kilichobaki kwenye gauni la mteja. Faradji, mumewe, alikuwa kwenye cherehani yake pale mlangoni, mguu juu ya pedali, na hakuwa anashona chochote.

"Mi sizani wale wa hifadhi watatuachia tumupe chakula," alisema.

"Watatuachia. Sultani anajua sambaza za Kivu. Huko kwenye matope wanamupa nini? Panzi?"

"Na gauni za harusi? Wenyewe wanakuja Jumamosi."

"Zitangoja. Mwaka jana walipotuita ulisema gauni. Mwaka huu tena gauni." Yasmina akakaza fundo. "Faradji, we unaogopa nini? Ndege?"

Faradji akakanyaga pedali. Sindano ikapanda na kushuka bila nguo chini yake.

Na tuliseme mapema, maana sioni faida ya kumficha mtu huyu: Faradji alikuwa anaogopa bawa. Sultani ni msambi, yule korongo mrefu mwenye taji la rangi ya dhahabu kichwani, ambaye watu wa nchi hii walimfuga uani tangu zamani kwa uzuri wake tu, na kwa kuwa ukimpigia makofi anacheza. Shema, mtoto wao wa pekee, alimlea tangu akiwa kifaranga asiyejua kusimama. Siku hizo walikuwa wamepanga nyumba Nyundo, karibu na mto Sebeya. Alfajiri ile Sebeya ilipofurika walitoka wote watatu, maji magotini, wakafika kwenye mwinuko wa barabara. Hapo Shema akachomoka mkononi mwa mama yake, akarudi. "Sultani!" ndilo neno la mwisho walilomsikia akisema. Kulipopambazuka vizuri, watu walimkuta Sultani amesimama juu ya bati la nyumba, mzima, anajipangapanga manyoya. Shema walimkuta mbali, kwenye migomba. Alikuwa na miaka kumi na miwili.

Wewe ungesema nini? Yasmina alisema kile walichosema wote: ndege aliruka zake juu, mtoto akafa bure. Na kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kumgombeza, akawa anamgombeza marehemu. Alimgombeza akiosha vyombo. Alimgombeza baada ya kuswali. Siku ya Idi alimgombeza makaburini mbele za watu, mpaka dada zake wakamshika mikono: "Ana mabawa, Shema! Ndege ana mabawa! We mujinga, ulirudi kufanya nini?" Halafu akalia mpaka jioni kwa sababu amemwita mtoto wake mjinga.

Faradji alikuwa anayasikia yote hayo. Neno moja lingetosha, na neno hilo hakulitoa. Sultani hakuweza kuruka. Bawa lake la kulia Faradji alilikata kwenye kiungo, mfupa na yote, kwa mkasi wake wa kukatia nguo, na Yasmina hakujua. Bawa likikunjwa, manyoya ya mgongo huufunika ulemavu wote. Yasmina alijua tu kwamba mumewe hupunguza manyoya mara moja moja, kama wengine.

Baadaye watu wa hifadhi walipopita mitaani wakikusanya misambi waliofugwa majumbani, Yasmina hakubisha. Faradji alimwambia kwamba huko Mashariki kuna nyika na kinamasi kisicho na mwisho, na Sultani ataachiwa aruke na wenzake. Mwanamke akalishika jambo hilo kwa mikono miwili. Kama mtoto alikufa kwa ajili ya ndege, basi angalau ndege aruke. Alitaka kumwona angani, mara moja tu, kwa macho yake.

*

Basi la hifadhi liliwakusanya wafugaji wa zamani, walioalikwa kuwaona ndege wao, kuanzia Gisenyi mjini. Lilipopita Nyundo, Yasmina aligeuza uso upande wa kanisa ili asiuone mto. Nyakiriba wakapanda wazee wawili na kikapu chao. Kwenye kiti cha mbele yao alikaa Narcisse, mlinzi wa hoteli moja kando ya ziwa, mtu mnene, mcheshi, ambaye basi lote lilimjua jina kabla ya kufika Musanze.

"Kwetu hotelini walikuwa sita!" alisema, amegeuka mzima mzima kuwatazama. "Wageni wanapiga picha, misambi wanacheza, mi ninapewa soda. Lakini manyoya, bwana, ni shida. Unakata leo, kidogo tu yameota, ndege bonjour, amekwenda kula maharagwe ya jirani. Patron wa hoteli akasema, donc, kateni mufupa. Pale kwenye kiungo. Tac! Imekwisha. Hapandi juu tena mpaka kufa." Akamnyooshea Faradji kidevu. "We fundi, ulikata namna gani?"

Yasmina alikuwa anatazama nje.

"Manyoya," Faradji akasema.

"Manyoya tu? Na hakukimbia?"

"Alikuwa anatupenda," Yasmina akajibu bila kugeuka. "Alikuwa anamupenda Shema. Kama ni kuruka, aliruka siku ya maji peke yake."

Narcisse akafungua mdomo, akamtazama Faradji. Faradji alikuwa anamwangalia kama mtu anayeomba maji. Narcisse si mjinga. Aliufunga mdomo, akageuka mbele, akaanzisha habari za mpira na dereva.

Walilala njiani kwenye mabweni ya shule, wanawake huku, wanaume kule, na asubuhi ya pili wakafika langoni. Hapo waliambiwa wakanyage mmoja mmoja kwenye beseni la dawa, wasije wakaleta magonjwa ya kuku. Yasmina alikuwa amevaa viatu vyake vya Idi. Akavichovya. Kisha askari wa lango akafungua kile kitambaa cha kijani, akakinusa.

"Mama, chakula cha nje hakiingii."

"Si cha mi. Ni cha ndege yangu."

"Hapa hakuna ndege ya mtu, mama."

"Ni samaki kidogo tu, baba. Nimevitoa vichwa."

Watu nyuma yake wakaanza kusogeasogea. Askari akakiweka kitambaa juu ya meza, kati ya chupa za maji na mandazi ya watu wengine, akamwambia atakichukua akitoka. Yasmina akaendelea kunyoosha mkono kidogo, halafu akaurudisha ndani ya kitenge.

*

Waliwapandisha kwenye lori la wazi lenye mabenchi. Jamani, nchi ile ni pana! Mtu wa Gisenyi amezoea mlima huku, ziwa kule, na nyumba ya jirani kwenye pua yake. Hapa macho yanakwenda yanakwenda na hayapati pa kushika. Nyasi zilifika kifuani mwa pundamilia. Narcisse alihesabu twiga kwa sauti kama mtoto, na wale wazee wa Nyakiriba walishikana mikono walipomwona nyati amesimama katikati ya njia, anawatazama kama wenye deni. Chini kidogo nyika ikaanza kulegea, ikawa mafunjo, halafu maji, halafu mafunjo tena mpaka ng'ambo kwenye vilima vya buluu.

Yasmina hakuangalia pundamilia. Shingo yake ilikuwa juu muda wote. Na kweli, lori liliposimama kando ya kinamasi, misambi watatu wakanyanyuka kutoka kwenye mafunjo, miguu nyuma, mabawa meupe yakifunguka, wakapita juu ya vichwa vyao wakipiga kelele zile ambazo kila mtu aliyelala Rwanda anazijua.

"Ule!" Yasmina akamshika Faradji mkono. "Ule wa mbele! Ona shingo yake! Si ni yeye?"

Uso wake ulikuwa umefunguka. Tangu siku ya maji Faradji hakuwa ameuona uso ule. Angeweza kusema sijui. Angeweza hata kunyamaza.

"Ni yeye," alisema. "Nazani ni yeye."

Na kwa dakika zile alifikiri labda Mungu amemsamehe, watapanda lori, watarudi nyumbani, na yatakuwa yamekwisha hivyo.

"Haya, wageni," akasema Joanita, mwanamke wa hifadhi aliyekuwa anawaongoza, mrefu, aliyekulia Uganda na anayezungumza Kiswahili kwa kukikatakata. "Hao ni wa porini. Sasa twende tuone wa kwenu."

*

Wa kwao walikuwa sehemu ya pembeni, kipande kizuri cha nyasi na maji kilichozungushiwa ukuta wa mawe uliofika kiunoni. Misambi wengi walikuwa wanatembea humo polepole, wakiinama, wakiinuka. Joanita akawapanga wageni kwenye ukuta.

"Hawa hawawezi kuruka," alisema. "Wengine tuliwapata mapema, manyoya yakaota, wakaondoka. Lakini hawa walikatwa mufupa. Ni ujinga tu wa watu. Mnisamehe kusema hivyo, najua mlikuwa mnawapenda. Lakini ukikata mufupa, umemaliza ndege."

Narcisse alikohoa. Faradji alitazama ukuta.

"Dada, wetu haiko hapa," Yasmina akasema kwa heshima. "Wetu iko kule juu. Tumemuona saa hii."

"Mulitoka wapi, mama?"

"Gisenyi. Zamani tulikuwa Nyundo."

"Wote wa wilaya yenu ya Rubavu wako hapa."

"Labda wengine. Si Sultani."

Na ili kumwonyesha kwamba Sultani hayumo, akapiga makofi ya Shema: mawili, kimya, matatu ya haraka. Mtoto alikuwa akiyapiga hivyo kila jioni akitoka shule.

Kule kwenye mafunjo shingo moja ikainuka.

Alikuja kwa miguu. Alikuja upesi, akiruka madimbwi, taji limesimama, mpaka kwenye ukuta, na alipofika mbele ya Yasmina akainamisha kichwa, akakiinua, akadunda mara moja upande huu, mara moja upande ule. Alikuwa anacheza. Watu wakapiga kelele za furaha. Yasmina akacheka na kulia kwa pamoja.

"Yoo, Sultani! Sultani wangu, bado unanijua! Umenenepa, we!" Akamgeukia Joanita, machozi kwenye kidevu. "Sasa mbona mumemufunga?"

"Hatukumufunga, mama. Ukuta ni huu tu. Angeweza, angeondoka."

Wale watatu wa porini wakarudi, wakapita tena juu yao wakiita. Sultani akaacha kucheza. Akageuka, akakimbia, akafungua mabawa. La kushoto lilifunguka lote, jeupe, refu. La kulia liliishia njiani, kama mkono wa shati uliokatwa kwenye kiwiko. Alikimbia hivyo, ameegemea upande, mpaka ukutani upande wa pili, na pale akasimama, akawatazama wenzake mpaka wakapotea.

"Hapana," Yasmina akasema. "Huyu anaruka. Alipanda juu ya bati peke yake. Watu wote wa Nyundo walimuona."

"Juu ya nyumba?" Joanita akatabasamu; hakuwa na ubaya. "Mama, huyu hata meza hapandi. Ona pale kwenye kiungo. Hiyo imekatwa zamani, akiwa mudogo."

"Labda aliweka ngazi!" akapaza sauti mtu mmoja nyuma, na watu wakacheka.

Yasmina hakusikia kicheko. Alikuwa anatazama juu, kimo cha mtu na nusu, mahali ambapo hapakuwa na kitu, hewa tu, kama vile bati la nyumba yao ya Nyundo liko pale.

"Basi nani alimupandisha?" aliuliza.

Hakumuuliza mtu fulani. Lakini kicheko kilikatika kutoka mbele kwenda nyuma, maana kuna waliokuwa wanaijua habari ya mtoto wa fundi. Narcisse akavua kofia. Joanita alitazama nyuso za watu, hakuelewa. Sultani alikuwa amerudi ukutani, na kwa mdomo wake alikuwa anapekua viganja vya Yasmina, hiki na hiki, anatafuta sambaza.

*

Wengine walipokwenda kula, Yasmina alibaki ameketi kwenye ukuta, mgongo kwa ndege. Faradji akaja akasimama mbele yake. Hakukaa.

"Ulimukata lini?"

"Ulipokuwa Goma, kwenye matanga ya mama yako. Alikuwa ameanza kuruka mbali. Alipotea siku mbili. Shema hakula, akashikwa na homa, alikuwa anamuita usiku na mchana. Nilipomupata kule shambani, nikasema huyu ndege akipotea tena, mutoto atakufa." Alisikia alichokisema, akajifuta mdomo kwa mkono. "Nilifanya ju ya Shema, Yasmina. Wallahi, ju yake."

"Na Shema alijua?"

"Njo yeye alimushika nikikata."

Yasmina akatikisa kichwa polepole. Faradji alikuwa anangoja kelele. Alizitaka. Angepigwa makofi mbele ya basi zima angeshukuru.

"Ulikuwa unanisikia," mkewe akasema.

"Nilikuwa nakusikia."

"Makaburini. Nikimuita mutoto wangu mujinga mbele ya watu. Ulikuwa umesimama hapa, pembeni yangu, umenishikia mwavuli."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kwamba utajua ni mi nilimuua."

Yasmina hakumwambia kwamba si yeye. Wala hakumwambia kwamba ni yeye. Aliteremka ukutani, akakung'uta kitenge, akaenda kujisimamisha kwenye foleni ya lori na watu wengine. Narcisse alikuwa amemwekea sahani ya wali. Aliipokea, akasema asante, akampa mmoja wa wale wazee wa Nyakiriba.

*

Langoni askari akamrudishia kitambaa chake. Sisimizi walikuwa wamekwisha kuingia. Alikikung'uta, akawaondoa mmoja mmoja, akafunga fundo upya, akapanda basi. Viti vyote vilikuwa na watu isipokuwa kile kimoja cha dirishani, kando ya mumewe. Akasimama kwenye njia kidogo. Dereva akamwambia, "Kaa, mama, tunaondoka." Akakaa.

Nyika ikapita dirishani, ikaisha, mashamba ya migomba yakaanza. Narcisse alijifanya amelala. Faradji alikuwa ameweka mikono yake katikati ya magoti. Mikono ya fundi haijui kukaa bure.

"Alisema nini, ulipokata?" Yasmina akauliza, macho mbele.

"Yasmina..."

"Alilia?"

"Hakulia. Alikuwa amemufunika Sultani macho kwa kiganja, hivi, asione mukasi. Ilipokwisha akaniuliza. Akasema, Baba, sasa siku akitaka kwenda juu, itakuwaje?"

"Ukamujibu nini?"

Basi likapita daraja, likapita soko, likapita watoto wa shule wakipunga mikono.

"Faradji. Ukamujibu nini?"

"Nikamwambia, usijali," Faradji akasema. "Akitaka kwenda juu, we utamubeba."

Yasmina akakiweka kile kitambaa cha kijani mapajani. Alikifungua, akakifunga. Akakifungua tena, akakifunga.

"Basi alitii," alisema. "Alikuwa anatii tu."

Kisha akageuzia uso kwenye kioo cha dirisha na kuweka paji la uso wake pale, na wale waliokaa karibu walimsikia akizungumza kwa sauti ya chini, sauti ambayo mama humwamshia mtoto asubuhi ya shule.

"Nisamehe, baba," alikuwa anasema. "Nisamehe, baba yangu. Mama hakujua."